Watafiti mnaokuja vijijini na slaidi za Kiingereza, mnatuumiza!

Wakuu, nimevumilia nimeshindwa, leo naongea. Kazi yangu ni kuwasaidia watafiti waeleweke kwa wananchi. Juzi tulikuwa kijiji kimoja huku Dodoma, mradi wa sumukuvu, yaani sumu inayotokana na kuvu (ukungu), kwenye mahindi. Mnakumbuka 2016, Dodoma na Manyara watu 68 waliugua kwa sumu hii na 20 wakafa, sasa unaendaje kule na grafu??

Nilimwandalia dokta wetu, yule mtafiti, kipeperushi, ukurasa mmoja tu. Nimeandika chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi kidogo na chumvi kavu, tikisa, subiri robo saa, chumvi ikigandia kwenye kioo ujue mahindi bado yana unyevu, yarudishe juani kwenye turubai, sio chini kwenye udongo. Kitu ambacho mtu anakifanya leo leo jioni! Kikarudi kimejaa wino mwekundu, sumukuvu kafuta kaweka aflatoksini, chumvi yote kaitoa, eti sio ya kitaalamu.

Mkutanoni mama mmoja mtu mzima akasimama, "Samahani mwanangu, nikiusonga ugali ukaiva sawasawa hiyo sumu si inakufa?" Swali la maana kuliko slaidi zote 30 na jamaa akaanza "inategemea na konsentresheni..." Akazunguka weee mpaka mama akakaa mwenyewe. Jibu ni HAPANA mama, moto wa jikoni hauimalizi, mahindi yenye kuvu usile na ng'ombe wa maziwa usimpe maana inapita mpaka kwenye maziwa. Nikadakia nikasema hivyo hivyo. Kurudi kwenye gari nikasemwa njia nzima, nimemvunjia heshima.

Heshima ipi? Mmechukua mahindi ya watu sado kwa sado mnaita sampuli, mkapima, majibu yako kwenye jarida la Kiingereza huko na mwenye mahindi hajaambiwa chochote, bado anayala! Na bajeti ikibana cha kwanza kukatwa ni hela ya kurudisha majibu kijijini, posho haiguswi. Inauma sana.

Yule mama nilimwachia kipeperushi changu cha kwanza, chenye chumvi.

Watafiti mliomo humu, nani kati yenu amewahi kurudi kumwambia mwenye mahindi majibu yake? Semeni hapa.