Tupeane uzoefu: gari ya okaziyo iliyokufa moteri kabla hujamaliza hata mwezi nayo

Mwana Katuba (Lubumbashi)

Ndugu zangu wa Lubumbashi, na nyinyi wa Goma na Bukavu mnaosoma hapa, leo naomba tuongee juu ya jambo moja tu. Umenunua gari ya okaziyo (iliyokwisha tumika na mwingine), umeshukuru Mungu, umewapandisha watoto, halafu moteri inakufa mkononi mwako kabla hujaizoea. Naanza mimi.

Mwaka jana mwezi wa sita nilinunua Toyota Noah ya 2004, ya esansi (petroli), moteri 1AZ-FSE, ile yenye maandishi D-4. Usukani kulia, kama gari nyingi za kwetu zinazoshushwa Dar es Salaam zikapita Tunduma na Zambia mpaka Kasumbalesa. Nilitoa dola 4,300. Hiyo ilikuwa jasho la miaka mitatu, langu na la mke wangu anayeuza vitenge soko la Kenya. Tulipanga gari ibebe abiria Lubumbashi–Likasi, irudishe pesa yake pole pole.

Nilienda kuiona saa tano mchana. Muuzaji alikuwa ameshaiwasha, akaniambia ametoka kuiosha. Niliweka mkono juu ya boneti, ilikuwa ya moto, na sikufikiri kitu. Moteri ilinguruma kwa utulivu. Tukazunguka mitaa ya Bel-Air, ikavuta vizuri. Nikahesabu pesa.

Siku ya 11 nilitoka na abiria sita alfajiri. Mnajua baridi yetu ya mwezi wa sita, kwa hiyo hita ilikuwa wazi. Tulipovuka nusu ya njia, mama mmoja mzee wa kiti cha nyuma akasema, "Papa shofere, mbona baridi inaingia?" Niliweka kiganja mbele ya tundu la hita: upepo baridi kabisa. Nilidhani ni swichi. Kumbe maji yalikuwa yamekwisha, hakuna tena kitu cha moto cha kupita ndani ya hita. Dakika chache baadaye sindano ya joto ikapanda mpaka mwisho. Niliwaza abiria wangu, nikasema nifike kwanza kijiji cha mbele, kilomita 5 hivi. Kilomita hizo ndizo zimeniuma mpaka leo. Gari ikaishiwa nguvu, ikaanza kugonga, ikazima. Nilichomoa kijiti cha oili, kikatoka na uji wa kahawia hafifu, kama chai ya maziwa iliyolala usiku kucha: maji yamechanganyika na oili.

Yule mama alishuka, akatandika kitenge chini ya mti, akaniambia, "Mwanangu, kaa kwanza." Nilikaa. Kisha nikawarudishia abiria nusu ya nauli, nikaita rafiki aje kunivuta.

Garaji walipofungua kilase, yaani kichwa cha moteri, bolti tatu za upande wa nyuma zilitoka na meno ya alumini yamezizunguka kama nyuzi. Bloku haikuwa na cha kuzishika tena. Na kulikuwa na silikoni nyekundu iliyopakwa kando ya jointi (ile gasketi kati ya kilase na bloku), maana yake mtu alishafungua hapo kabla yangu. Fundi alinionyesha pia mahali pa termostati, ile valvu ndogo inayofungulia maji njia yakipata joto: patupu, imeondolewa.

Nyinyi mlifanyaje? Mlirudi kwa muuzaji? Mlitengeneza, au mlitafuta moteri nyingine?

Mama Deborah (Goma)

Pole sana kaka. Yangu ilikuwa Corolla ya moteri 1ZZ, zile za miaka ya 2000 mwanzoni. Nilikuwa naendea nayo Sake kuchukua ndizi na maharagwe. Wiki mbili tu. Moteri hizo nyingi zinakula oili bila kuvuja hata tone chini, na mimi sikuwa na tabia ya kupima. Nilidhani oili inaangaliwa siku ya vidanje, yaani ya kuibadilisha.

Wa kwanza kuona kasoro alikuwa mtoto wangu wa miaka 14. Aliniambia, "Mama, kwa gari ya mjomba ukigeuza funguo taa ya kibuyu, ile ya oili, inawaka kwanza, hii yetu haiwaki." Nilimwambia anyamaze, taa isiyowaka ni dalili njema. Siku tatu baadaye bieli (mkono wa pistoni) ilitoboa bloku hapo Katindo, oili yote ikamwagika juu ya mawe ya volkano. Fundi alipofungua dashibodi alikuta kipande cha tepu nyeusi kimebandikwa nyuma ya kioo, sawasawa juu ya taa ile. Kimekatwa kwa mkasi, mraba mzuri, cha ukubwa wa kucha ya kidole kidogo.

Hilo ndilo lililoniliza. Moteri inachoka, najua, hata sisi tunachoka. Lakini mtu alikaa, akapima, akakata tepu, akijua kuna mtu ataendesha gari hiyo na watoto ndani. Nilimpigia simu mara nyingi. Namba haipatikani tena.

Nilimwomba mtoto wangu msamaha.

Baba Imani (Bukavu)

Prado ya mazutu (dizeli), moteri 1KZ. Ilikata mkanda wa distribisyo, ule unaozungusha valvu, nikipanda kutoka mtaa wa Essence, valvu zikagonga pistoni. Siku ya 19.

Nitaeleza kitu kimoja tu kwa sababu naamini kitasaidia wengi. Wajapani wakibadilisha ule mkanda mara nyingi wanabandika karatasi ndogo chini ya boneti, yenye tarehe na kilomita. Mimi niliiona wakati fundi ameshafungua kila kitu: ilisema mkanda ulibadilishwa kwenye kilomita 98,000. Dashibodi yangu siku niliyonunua ilisoma 91,000. Mkanda ule unadai kubadilishwa kila kilomita 100,000, na mimi nilijihesabia kwamba bado nina 9,000 za kupumua. Kumbe kilomita zilirudishwa nyuma, na sijui gari ilikuwa imetembea ngapi kweli. Kama unanunua mazutu ya Toyota ya zamani, badilisha mkanda wiki ya kwanza, usiulize kilomita.

Fundi wa Kamalondo (Lubumbashi)

Nimesoma zote kwa uchungu. Mimi niko upande wa pili wa haya mambo. Miaka 22 nafungua moteri. Asilimia siwezi kuwapa, ila gari zinazoletwa kwangu mwezi wa kwanza baada ya kununuliwa nyingi zilikuwa zinakufa tayari siku ya mauzo. Joto ndilo linaloficha. Moteri ikiwa ya moto, inawaka mara moja, moshi wa asubuhi umeshatoka, mlio wa kugonga wa mwanzo umeshapita, na huwezi kufungua kifuniko cha radiateri bila kuungua. Kwa hiyo, Mwana Katuba, ile boneti ya moto uliyoigusa ilikuwa inakuambia kila kitu. Na kwa Noah za D-4 ugonjwa wa bolti za nyuma tunaujua vizuri, wala si wewe wa kwanza.

Mteja wangu akitaka kununua, namwambia apange na muuzaji saa kumi na mbili asubuhi, gari ilale kwake bila kuwashwa. Nafika, naweka mkono kwanza. Ikiwa baridi, nafungua kifuniko cha radiateri: maji yakiwa ya kutu, au kuna mafuta yanaelea juu, naanza kuwa na wasiwasi. Nageuza funguo bila kuwasha, nahesabu taa, ya oili na ya moteri lazima ziwake. Ndipo tunawasha kifuniko kikiwa wazi, naangalia maji. Viputo vinavyotoka bila kuacha, moteri bado baridi, ni hewa ya mwako inayopita kwenye jointi. Mwenzangu anakaa nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mweupe mzito unaokataa kuisha, wenye harufu tamu, ni maji ya radiateri yanaingia ndani. Mvuke mwepesi wa asubuhi ya baridi usiwatishe, huo unaisha. Mwisho tunaacha iwake mpaka feni ijiwashe yenyewe, izime, iwake tena. Watu hawapendi kungoja hapo, wanasema nawapotezea wakati. Mimi nangoja.

Juu ya termostati, naomba mafundi wenzangu mnisamehe. Tumefundishana kuitoa tukidhani tunaipoza gari. Gari isiyo na termostati inachelewa kupata joto lake, inakunywa esansi, na ugonjwa wenyewe unabaki umefunikwa mpaka safari ndefu. Tena tunajaza maji ya bomba. Hapa Lubumbashi tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, Goma karibu 1,500. Huku juu maji matupu hayangoji digrii 100, yanachemka kwenye 95 au 96. Kinachoyazuia ni mgandamizo wa kifuniko cha radiateri. Kifuniko chenye mpira uliokufa, kitu cha dola chache, kinaweza kukuharibia kilase.

Na sindano ikipanda: simama hapo hapo, hata kama ni porini, hata kama una abiria. Zima. Usifungue kifuniko, usimwagie moteri maji baridi, alumini itapinda au itapasuka. Ngoja ipoe kabisa, saa nzima si nyingi.

Yaya Solange (Lubumbashi)

Nashukuru Papa Fundi. Mimi niongeze habari ya haki, maana wengi tunakubali haraka kwamba "ulishanunua, ni yako". Sheria yetu ya mikataba ni ya zamani sana, dekreti ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888, na inamtaka muuzaji ajibu kwa kasoro zilizofichika. Mnunuzi anaweza kurudisha gari na kurudishiwa pesa, au kubaki nayo na kurudishiwa sehemu ya bei. Muuzaji aliyejua kasoro akanyamaza anadaiwa na fidia. Lakini kasoro uliyoweza kuiona mwenyewe haimo, na lazima uchukue hatua mapema, usikae miezi.

Kwetu ilikuwa gari ya marehemu mume wangu, kilase ilipasuka siku ya tisa. Hatukufika mahakamani. Tulisimamisha gari, tukakataa isifunguliwe mpaka muuzaji aitwe kwa maandishi. Hakuja. Tukafungua mbele ya mashahidi wawili, tukapiga picha kila kipande, fundi akaandika ripoti na kusaini. Na karatasi hizo tukaenda kwa chefu wa kartie (mkuu wa mtaa), na muuzaji akaitwa. Muuzaji alipoona picha ya ufa ulioshindiliwa gundi ya chuma, aliacha kubishana, akalipa dola 700 kwa awamu tatu. Bila karatasi ya mauzo yenye namba ya shasi, tarehe na bei, tungeanzia wapi?

Kijana wa Kadutu (Bukavu)

Wakubwa, naomba kuuliza. Yangu imekufa Jumamosi, nimepata moteri nyingine ya okaziyo. Je, niinunue tu?

Fundi wa Kamalondo (Lubumbashi)

Mdogo wangu, subiri. Izungushe kwa mkono na spana mzunguko mzima, isikwame. Fungua karta ya chini (beseni ya oili), chungulia: ukiona vumbi la chuma linalong'aa kwenye oili, iache. Pima komprasyo (nguvu ya kubana hewa), silinda zote zikaribiane. Na muuzaji aandike siku za kujaribu pamoja na namba ya moteri. Akikataa kuandika, tafuta kwingine, hata ikichukua mwezi.

Mwana Katuba (Lubumbashi)

Nimesoma yote, na mke wangu nimemsomea kwa sauti. Mama Deborah, habari ya tepu hatukuweza kulala nayo.

Mkitaka kujua nilimaliza vipi: tulitoboa bloku upya, tukaweka vikuku vya nyuzi za chuma kwa bolti zote, si zile tatu tu, kilase ikasawazishwa, termostati mpya, kifuniko kipya, maji ya radiateri ya kweli. Dola 1,150 na wiki tano bila kazi. Muuzaji alikana mpaka tulipokaa na mjomba wake. Mzee alisikiliza, akamtazama mpwa wake muda mrefu bila neno, akaagiza nipewe 400. Nilizipokea zote.

Noah inatembea. Yaya, karatasi yako ya ripoti nitaiomba niige namna ilivyoandikwa, kwa sababu kesho mdogo wangu anataka kununua Toyota Ist huko Ruashi. Nimempigia muuzaji jioni hii, nimemwomba kwa heshima asiiwashe mpaka tufike. Tutakuwa kwake saa kumi na mbili.