Huyu anayejiita dereva akigusa tena gari langu, tutajuana!

Mwinuko_Mkali:
Wakuu, naandika goti linawaka moto na mikono bado inatetemeka, kwa hiyo herufi zikipishana nivumilieni. Salamu baadaye.

Yule jamaa mnamjua wote. Simtaji, hakuna haja. Ni yuleyule anayeingia kila uzi wa magari na "mimi nimeshika usukani nyie hamjazaliwa". Ni yuleyule anayemkosoa dereva akiwa amekaa kiti cha nyuma, macho amefumba. Huyohuyo. Leo kidogo anizike, na juu yake akanitukana.

Nilikuwa nakagua taa. Nimetoka kubadilisha balbu ya indiketa ya mbele, injini imezima, nikafungua swichi hatua moja tu ili umeme ufike, nikawasha indiketa, nikazunguka mbele na kuinama nione kama inapepesa sawasawa. Gari liko kwenye mwinuko, pua inatazama juu, handibreki nimevuta na gia ya kwanza nimeingiza. Mara huyo anakuja, anaongea na simu, anacheka. Hakuuliza. Hakufungua mlango. Hakukaa. AKAPITISHA MKONO DIRISHANI AKAZUNGUSHA FUNGUO MPAKA MWISHO!

Gari likaruka. Bampa gotini, mimi chini. Roho ilitoka, ikafika barabarani, ikatazama kulia na kushoto, ndipo ikarudi mwilini.

Nikainua uso nikidhani ataitupa ile simu aje aniinue. Wapi! Kiwiko bado kimeegeshwa juu ya mlango, simu bado iko sikioni. Akamwambia wa kwenye simu "subiri kidogo", akanigeukia mimi na sauti ya ualimu: "Sasa na wewe umesimama mbele ya gari unatafuta nini?"

Unatafuta nini! Mimi! Mbele ya gari langu!

Mkono dirishani, wakuu. Miguu yake yote miwili iko nje, ardhini. Klachi aikanyage na nini, na kope? Breki je? Injini ingewaka na lile gari likaendelea kupanda, angelisimamisha kwa maneno yake ya humu jukwaani? Na huyu ndiye anayewafundisha watoto wa watu kuendesha. Huyu ndiye mkanda anaufunga nyuma ya mgongo ili mlio unyamaze. Huyu ndiye kiti anakilaza mpaka ukikutana naye barabarani unaona kipara tu, gari linajiendesha. Yote hayo nilinyamaza. Lakini mkono dirishani? Halafu "unatafuta nini"?

Akiligusa tena, hata tairi tu, tutajuana.

Spana_Kumi:
Nimefika mapema, nimekaa siti ya mbele na mkanda nimefunga. Endelea mkuu.

Mama_Usukani:
Pole sana kaka. Goti umelikandamiza barafu? Huyo mtu namjua vizuri, alishawahi kunipa lifti. Tumefika juu ya mlima akazima injini, gari likateremka kimya, eti anaokoa mafuta. Nikamuuliza mbona usukani unaonekana mzito, akasema ni mazoezi ya mikono. Mpaka leo sijui nilifikaje.

Fundi_Asiyelala:
Dada, hapo ulikuwa unasafiri na kifo. Injini ikizima, msaada wa breki unabakiza pumzi ya kukanyaga mara chache tu, baada ya hapo pedali inakuwa ngumu jiwe. Usukani nao unapoteza nguvu. Na akikosea akazungusha funguo mpaka nafasi ya kuitolea, usukani unajifunga kabisa. Mlima unateremkwa na injini inayofanya kazi, gia ndogo, injini yenyewe ikusaidie kushikilia gari.

Mpita_Njia:
Mleta mada hebu twende taratibu. Gari liko kwenye gia. Funguo iko kwenye swichi. Dirisha liko wazi. Na wewe umeinama mbele yake. Mkuu, mbona kila kitu ulikiandaa mwenyewe, ulikuwa unamsubiri tu mwenye mkono?

Mwinuko_Mkali:
@Mpita_Njia usinitibue. Pua ya gari ikitazama juu unaweka gia ya kwanza, ikitazama chini unaweka rivasi. Hiyo ndiyo namna ya kuegesha gari la gia kwenye mwinuko, muulize yeyote aliyefundishwa. Funguo iko kwenye swichi kwa sababu indiketa haiwaki kwa dua. Gari la mtu haliwashwi kwa mkono wa dirishani! Unakaa, unakanyaga klachi mpaka chini, unatikisa gia kuhakikisha iko frii, unaangalia mbele na nyuma kama kuna mtu, NDIPO unagusa funguo. Alifanya lipi katika hayo? Alifanya la simu.

Kiti_cha_Nyuma:
Ila handibreki ilikuwa juu na gari bado likaruka? Hapo kuna mjadala.

Mpita_Njia:
Umeona eeh. Waya umelegea mpaka unaweza kuanikia nguo. Jamaa kakufanyia ukaguzi wa bure.

Fundi_Asiyelala:
Niwaelezeni kabla hamjapigana. Stata, ile mota inayowasha injini, ina nguvu kuliko mnavyofikiri. Gia ikiwa imeingia na klachi haijakanyagwa, injini na magurudumu ni kitu kimoja. Ukipiga stata hauzungushi injini peke yake, unasukuma gari zima. Handibreki kwenye magari mengi inashika magurudumu ya nyuma tu, kwa hiyo gari linaweza kujivuta kidogo hata ikiwa nzima. Na kidogo hicho kwa mtu aliyeinama mbele ya bampa kinatosha. Injini ikidaka ndiyo balaa, maana hapo hata ukiachia funguo gari linaendelea kwenda. Magari mengi ya gia ya siku hizi yamewekewa swichi kwenye klachi, bila kuikanyaga stata haizunguki. La mleta mada inaonekana ni la kabla ya hapo. Lakini mkuu, handibreki nayo ikaguliwe.

Mwinuko_Mkali:
Nimekuja kulalamikia mkono, mnanikagulia handibreki. Unatafuta nini, kaniambia! Nipo chini, goti limechubuka, kaniambia unatafuta nini!

Babu_wa_Hendeli:
Vijana, hilo si jipya. Zamani gari liliwashwa kwa hendeli, unasimama mbele ya pua unazungusha injini kwa mkono. Aliyesahau gia imeingia, gari lilimfuata palepale aliposimama. Na injini ikirudi nyuma, hendeli inavunja mkono. Stata ya umeme ya Charles Kettering ilipowekwa kwenye magari ya Cadillac mwaka 1912, watu wakaanza kuwashia gari wakiwa wamekaa kwenye kiti. Sasa huyo jamaa yenu ameshushwa na nini tena? Zaidi ya miaka 100 watu wamehangaika ili dereva awe ndani, yeye karudi nje!

Spana_Kumi:
Babu umemaliza kila kitu. Karudi nje 😂😂

Mbili_Pedali:
Ndiyo maana mimi ni otomatiki tu. Liko P ya kuegesha, mguu kwenye breki, unawasha. Likiwa D, ya kwenda mbele, stata haikujibu hata uimbe. Nunua otomatiki mkuu, magoti yapone.

Fundi_Asiyelala:
Otomatiki haimponyi mzembe. Wenzako hao wananiletea gia boksi zimekufa kwa sababu wanatoka R, yaani rivasi, kwenda D gari bado linarudi nyuma. Gari lisimame kabisa, ndipo uhamishe. Wengine wanaegesha kwenye mteremko wanaweka P na kuondoka, handibreki hawaijui ilipo, uzito wote unaning'inia kwenye kipini kimoja kidogo ndani ya gia boksi. Na wapo wanaoshuka kufungua geti gari liko D! Hao sitaki hata kuwazungumzia.

Mbili_Pedali:
Mimi siyo hao.

Kiti_cha_Nyuma:
Wote mnasema hivyohivyo.

Mama_Usukani:
Mnabishana gia wakati kuna watu wanapakata mtoto kiti cha mbele. Mtoto! Amekaa kati ya kifua cha mtu mzima na dashibodi. Wengine wanafunga mkanda mmoja kuwazunguka wote wawili. Gari likigonga, uzito wote wa yule mtu mzima unamkandamiza mtoto kwenye mkanda. Na ule mfuko wa hewa unafumuka kwa kishindo kisichochagua, umetengenezwa kumzuia mtu mzima aliyefunga mkanda. Kiti cha kichanga kinachotazama nyuma hakiwekwi mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, kimeandikwa hivyo mpaka kwenye kinga ya jua. Juzi nimemwambia mzazi mmoja, akaniambia "tunafika hapo tu". Hapo tu! Kana kwamba ajali inauliza mnakwenda wapi.

Spana_Kumi:
Dada umegusa penyewe. Na wale wanaonunua kile kichuma cha kuchomeka kwenye kifungio cha mkanda ili gari linyamaze? Mtu anatoa hela yake ajinyime mkanda.

Babu_wa_Hendeli:
Mkanda wa pointi tatu aliubuni Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na Volvo wakawaachia watengenezaji wote wautumie. Wamekupa uhai bure, wewe unautafutia kichuma.

Taa_Chini:
Mimi kero yangu ni moja tu. Mnaowasha taa kali usiku na gari linakuja mbele yenu, mna ugomvi gani na macho yetu? Nakushushia taa, nakukumbusha mara moja, unakuja nazo hivyohivyo mpaka unanipita. Kwa muda ule mimi ni kipofu niliyeshika usukani. Anayevuka barabara simwoni, shimo silioni, ukingo siuoni. Nabaki natazama mstari wa pembeni na kupunguza mwendo. Halafu kesho wewe ndiye unaandika humu watu hawajui kuendesha.

Mbili_Pedali:
Na wanaokuganda nyuma je? Uko kwenye 90 kwa saa, yeye yuko nyuma yako unaweza kusoma bei kwenye miwani yake.

Fundi_Asiyelala:
90 kwa saa ni mita 25 kila sekunde. Ukitupia jicho simu kwa sekunde mbili umeenda mita 50 hujui ulichopita. Na mwendo ukiuongeza mara mbili, umbali wa breki kusimamisha gari unaongezeka mara nne, wala siyo mbili. Ndiyo maana unamwachia wa mbele angalau sekunde mbili. Chagua nguzo, yeye akiipita hesabu, ukiifikia kabla hujamaliza umemganda. Mvua ikinyesha ongeza maradufu.

Mwinuko_Mkali:
Wakuu, kuhusu ule mkono dirishani, nimepata ujumbe wake sasa hivi. Hajaomba radhi. Ameniambia "goti lako litapona ila ujifunze kukaa mbali na magari". Mnasikia? Nikae mbali! Na bado yeye ndiye aliyekuwa...

Asubuhi_Mbaya:
Samahani kuingilia. Nimesimama kwenye gari sasa hivi, nazungusha funguo linafanya tik tik tik tik halafu taa zinafifia. Nipo peke yangu na jirani mwenye gari. Msaada tafadhali.

Mpita_Njia:
Hakikisha kwanza uko ndani ya gari, isiwe umepitisha mkono dirishani.

Mwinuko_Mkali:
@Mpita_Njia wewe na yeye ni mtu mmoja.

Fundi_Asiyelala:
@Mwinuko_Mkali mkuu mpishe huyu kwanza. @Asubuhi_Mbaya tik tik za harakaharaka na taa kufifia, kwa kawaida ni betri imeisha au vichwa vyake vina uchafu. Vitikise, kama vinacheza vikaze. Usikazanie stata muda mrefu, sekunde chache unaacha ipoe. Mna nyaya za kuazimia moto, yaani umeme wa betri ya gari lingine?

Asubuhi_Mbaya:
Jirani anazo. Nyekundu na nyeusi. Ila ndiyo kaliingiza gari lake gerejini kwangu, kafunga geti na hajazima.

Fundi_Asiyelala:
Fungueni geti SASA HIVI na azime! Moshi wa gari una gesi isiyo na harufu wala rangi, inaua mtu akiwa anadhani amechoka tu. Tokeni nje kwanza, hewa iingie.

Asubuhi_Mbaya:
Tumefungua. Tuko nje.

Fundi_Asiyelala:
Vizuri. Yote mawili yazimwe, yasigusane. Nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, upande wa pili kwenye chanya ya nzima. Nyeusi kwenye hasi ya nzima, na mwisho wake usiuweke kwenye betri iliyokufa, ubane kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri. Betri inatoa gesi inayoshika moto, cheche hatuzitaki karibu. Kisha washeni la jirani, subirini dakika chache, ndipo uwashe lako.

Mama_Usukani:
Na gia frii, mwanangu. Klachi chini. Asisimame mtu mbele.

Asubuhi_Mbaya:
LIMEWAKA!! Asanteni sana jamani. Ila kuna taa nyekundu ya kibuyu cha oili, haizimi. Niondoke nayo tu hivyo?

Fundi_Asiyelala:
ZIMA! Usiondoke. Zima, chomoa kijiti cha oili, futa, rudisha, chomoa tena, niambie imefika wapi.