Re: Mpwa wangu saidia fundi, uanagenzi wa ujenzi Ujerumani

Mbukwenyi jamani. Kaka uliyeuliza mpwa wako saidia fundi atafikaje Ujerumani kwenye uanagenzi wa ujenzi, na kuna wakala anataka ada ya usajili, mi niko Dodoma likizo kutoka huko huko Ujerumani, nakujibu nikiwa saiti Ihumwa anapojenga braza, kwa haraka maana leo tunamwaga jamvi na zege halilali.

Kwanza hiyo Ausbildung, yaani huo uanagenzi wao, sio chuo, ni kazi. Hapo ndo watu wanaliwa hela. Huyo wakala achana naye, hata mi nililipa kabla sijajua kwamba inayokuchukua ni kampuni ya ujenzi, inakupa mkataba, inakulipa kila mwezi, na mkataba huo ndo unaombea visa. Fundi wa kujenga, wao wanamwita Maurer, ni miaka 3. Kijerumani kiwango cha B1, yaani cha kati, na hicho ndo kizito kuliko mfuko wa simenti.

Unazunguka sehemu tatu, saiti, shule ya ufundi na senta ya mafunzo. Pale senta wiki ya kwanza nikapandisha ukuta kwa spidi ya saiti zetu za Mtumba hapa Dodoma, najiona fundi, mwalimu akaweka pimamaji, akachungulia viungio, akasema bomoa. Nikajua nimeharibu, kumbe hata uliokubalika unabomolewa, mota ni mchanga na chokaa tu, haishiki, unakwangua tofali kesho unapanga upya. Braza nikimsimulia anacheka, anasema hizo tofali zitazeeka hazijawahi kukaa kwenye nyumba.

Halafu kuna daftari. Unaandika umefanya nini kazini, bosi anasaini, na bila hilo daftari mtihani wa mwisho hufanyi. Mi nililizembea nikaja kuandika miezi minne kwa mkupuo, usiombe. Maana kuandika hatujazoea, sisi huku unabeba karai miaka na miaka mpaka siku fundi anakuachia mwiko na timazi, haya malizia kozi hiyo ya tofali, na hicho ndo cheti chako. Mpwa wako mkono anao, karatasi ndo hana.

Kwa hiyo aende chuo cha ufundi cha VETA hapa mjini aulizie urasimishaji ujuzi, wanampima alichojifunzia saiti wanampa cheti. Visa hakimpi, ila akiandikia kampuni anakuwa na cha kuambatanisha.

Umri usikutishe, mi nilianza na 29, darasani nimekaa na vitoto vya miaka 17 vinaniita mzee. Kijerumani kashaanza au bado?