Nimeshinda mnada, hii kodi ya New Jersey inatoka wapi?

Mpigapicha wa Umoja: Wakuu, nimeshinda lenzi kuukuu kwenye mnada wa mtandaoni Marekani, dola 200 kamili. Kufika kulipa, nakuta 213.25. Mimi naishi Umoja, Nairobi, si New Jersey! Hiyo 13.25 ni ya nini?

Fundi wa Luthuli: Umeweka anwani ya wakala wa mizigo wa New Jersey, yule anayekupokelea mzigo huko na kukutumia huku, sivyo? Kodi ya mauzo hufuata mahali mzigo unapopelekwa, si unapolala wewe. New Jersey ni asilimia 6.625. Mimi hutumia wakala wa Delaware, huko haipo kabisa.

Mama Shiro: Linganisha nauli kwanza. Niliwahi kukwepa kodi ya dola 9, nikaishia kulipa 15 zaidi za usafirishaji. Nilijicheka.

Mpigapicha wa Umoja: Basi nikishalipa huko, hapa uwanja wa ndege wa JKIA napita bure?

Fundi wa Luthuli: Ndoto za mchana, ndugu. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 inakungoja, tena huhesabiwa juu ya bei, nauli, bima na ushuru wa forodha. Tunza risiti.

Mpigapicha wa Umoja: Na nilishamwambia mke wangu ni elfu ishirini na sita tu...