Kukimbia milima ya Lushoto kikundi, kilomita 28, tujipangeje?

Mbio_Mbagala

Habari za humu wakuu. Sisi ni kikundi cha jogingi huku Mbagala, watu saba, kila Jumamosi alfajiri tunapiga kilomita 12 mpaka 15 kwenye lami na wengine tumeshamaliza nusu marathoni. Sasa Juni hii tunataka twende Lushoto tukakimbie milimani, sio mashindano, ni sisi wenyewe tu na urafiki wetu. Njia niliyochora kwenye simu inaanzia mjini, inapanda Magamba, inazunguka msituni, inarudi mjini halafu inaenda Irente pale juu pa kuangalia bonde na kurudi. Jumla kama kilomita 28, na simu inasema kupanda tu ni mita 1,000 hivi.

Nimepiga hesabu ya dakika 7 kwa kilomita, yani masaa matatu na robo tumemaliza. Kinachoninyima usingizi ni kwamba spidi zetu hazifanani. Wawili ni moto kwelikweli, kuna dada yetu wa miaka 52 anaenda taratibu ila hachoki, na kuna jamaa yangu goti lilimsumbua mwaka jana. Sitaki mtu aachwe msituni na sitaki pia wale wawili wajione wamefungwa breki siku nzima. Mliowahi kufanya hivi mnaendaje?

Msambaa_wa_Soni

Karibuni sana kwetu mkuu. Hiyo hesabu ya masaa matatu na robo ifute kabisa, ni ya lami ya Dar. Kuna kanuni ya zamani ya watembea milima aliitoa Mskoti William Naismith mwaka 1892, kila kilomita 5 saa moja, halafu kila mita 600 za kupanda unaongeza saa nyingine. Kwa njia yenu inakuja masaa saba na kidogo kwa mtu anayetembea mwanzo mwisho. Nyie mtakimbia tambarare na mteremko kwa hiyo itapungua, lakini kile kilima cha kwenda Magamba mtatembea, wote, hata hao moto. Mji wa Lushoto wenyewe uko kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari na nyie mnatoka pwani, siku ya kwanza pumzi itawaambia. Njooni siku mbili kabla mkiweza.

Ila njia yako nimeipenda kwa sababu moja ambayo sijui kama umeiona. Umechora namba nane. Mnapita mjini katikati! Maana yake aliyechoka baada ya Magamba anabaki pale, anaoga, anakunywa chai, na wenzake wanaendelea Irente bila mtu kumbeba mtu. Usije ukaigeuza iwe duara moja kubwa, mkiwa upande wa pili wa msitu mtu akishindwa mtatafuta bodaboda mpaka mchoke.

Msituni ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kwa hiyo malizaneni na habari za kiingilio siku moja kabla na mchukue kijana wa hapa anayejua njia. Vijia ni vingi na simu ikiwa chini ya miti mikubwa inachanganya. Mtawaona mbega wale weusi wenye koti jeupe, simameni kidogo jamani, msipite tu.

Sasa mteremko, na hapa ndo nataka mnisikilize. Watu wa Dar wanaogopa kupanda lakini kinachowamaliza ni kushuka. Ukishuka, misuli ya mapaja inafanya kazi ya kuzuia mwili huku yenyewe inavutwa, na hiyo ndo inaichana, kesho yake na keshokutwa ngazi za gesti unashuka kinyumenyume. Siku ya soko angalieni akina mama wanaoshuka na mizigo ya kabichi kichwani. Mimi nimewaangalia tangu mdogo. Hatua fupifupi, goti limelegea kidogo halinyooki kabisa, mguu unatua chini ya mwili sio mbele, na macho yanatazama hatua tatu mbele, sio kwenye vidole. Mama anashuka na kilo zake zote pale udongo mwekundu unapoteleza na hata jasho huoni. Shukeni hivyohivyo, na huyo mwenye goti ajifunze hiyo kabla hata ya kununua raba mpya.

Mkikutana nao asubuhi semeni "onga maundo", salamu yetu ya asubuhi kwa Kisambaa, mtaona watakavyofurahi.

Kilele7

Mimi niko Nairobi, na marafiki zangu tunakimbianga Ngong Hills, vile vilima saba, unapanda unashuka unapanda tena na upepo wa hapo juu si mchezo, ndio maana waliweka mitambo ya umeme wa upepo. Nikuambie venye tulijifunza. Mwaka mmoja tulikuwa wanane, wa mbele wakaenda tu, ukungu ukashuka na kwa dakika kumi hatukuwa tunaona mtu hata mita ishirini. Mmoja wetu alichukua njia ya ng'ombe akashuka upande wa bonde. Tulimpata baada ya masaa mawili akiwa ameketi kwa mwamba analia, hakuwa ameumia lakini sitasahau ile sura.

Tangu hiyo siku kila njia panda watu wote wanasimama mpaka wa mwisho afike, na wa mwisho akifika HAMUONDOKI hapo hapo, yeye pia apumzike. Watu wengi hukosea hapo, wale fasta wamepumzika dakika tano, yule wa nyuma anafika anahema na wenzake wanang'oa nanga. Wale wenu wawili waachie vilima, wapande mpaka juu kisha warudi chini kuchukua wa mwisho, wapande naye tena. Watapata mazoezi yao yote na hakuna mtu atakuwa peke yake.

nesi_wa_zamu

Naongeza la maji tu. Msinywe maji matupu mengi kwa masaa sita mkidhani ndo usalama, chumvi ya damu inashuka na mtu anaanza kuumwa kichwa, kutapika, kuchanganyikiwa, na wenzake wanamuongezea maji mengine. Kunyweni mkisikia kiu, bebeni ORS na kitu cha chumvi. Na koti jepesi kila mtu, Juni kule ni baridi na ukisimama na jasho kusubiri wenzako unapoa haraka sana.

Mbio_Mbagala

Asanteni mno, nimesoma kwa sauti kwenye grupu letu. Tumekubaliana kutoka saa 12 asubuhi, Magamba kwanza, na dada yetu ndo atakaa mbele kwenye vilima vyote ili yeye apange mwendo, wale wawili wamekubali kupanda na kurudi, tena wamefurahi. Jumamosi hii tunaenda Pugu kujaribu kushuka kwa hatua fupi.

Msambaa, lile shamba la Irente bado wanauza mkate na jibini? Tunataka tumalizie hapo tukila.

Msambaa_wa_Soni

Mara ya mwisho nilipopita wanauza. Pigeni simu siku moja kabla muwaambie mko saba na mmetoka Magamba kwa miguu.