Amepuliza protini yangu. AMEIPULIZA!

Wadau, niko nje chini ya mwarobaini, mikono bado inatetemeka. Sitamtaja. Mnamjua. Yule wa stoo, mwenye kitita cha funguo kiunoni utadhani ndiye Petro mlangoni pa mbinguni.

Wiki tisa nimengoja intaferoni gama ya binadamu, protini inayoamsha seli za kinga ya mwili. Wiki tisa! Imepanda ndege, imekaa Nairobi ikisubiri mihuri, imelala kwenye basi usiku kucha hadi Kisumu. Leo asubuhi imefika, na badala ya kuniita, bwana mkubwa akachukua kisu cha mkate akapasua boksi. Naingia, namkuta ameshika kichupa, kifuniko kiko mezani kando ya chai yake, anakigongagonga kiganjani kama mzee anayetoa ugoro. "Hiki ni kitupu, dada. Mmeuziwa hewa." Halafu akakipuliza ndani. Fuu! Chini ya feni.

Jamani, ni mikrogramu 50! Chembe moja ya sukari ya chai ni nzito kuliko hiyo. Ikishakaushwa kwa baridi inabaki utando ukutani mwa kichupa, na mara nyingi jicho halioni kitu. Ndiyo maana hufungui kabla ya kukizungusha kwenye sentrifuji, ile mashine ya kuzungusha kwa kasi, ili iliyonata kifunikoni ishuke chini. Kisha unatia maji safi yasiyo na vijidudu, taratibu, bila kutikisa kwa fujo, unagawanya kidogo kidogo, unagandisha, kwa sababu ukiyeyusha na kugandisha kila mara protini inaharibika. Yote yameandikwa kwenye karatasi iliyokuwa ndani ya boksi. Karatasi hiyo ndiyo aliyowekea kikombe.

Watu walichukua jeni ya binadamu, wakaipandikiza kwenye bakteria, Escherichia coli, bakteria akawatengenezea protini, wakaisafisha hadi ikabaki yenyewe tu, mnyororo wa asidi amino 143, yaani matofali yanayojenga protini. Insulini ya binadamu ya wagonjwa wa sukari ilipatikana kwa njia hiyo hiyo, Marekani ikaiidhinisha mwaka 1982. Mimi nilitaka kuamsha makrofaji, zile seli zinazomeza vijidudu, nione zinavyopambana na malaria. Watu wameshatoa damu. Seli ziko kwenye inkubeta saa hii, zinangoja kitu kilichopulizwa!

Nikamuuliza, kwa nini? Akasema, "Nilikuwa natoa vumbi."

VUMBI!

Mtu wa Kondele: Yaani makelele yote haya kwa kichupa ambacho hata wewe huoni kilichomo? Nitafutie kazi ya kuuza visivyoonekana.

Mwenye uzi: Alikipuliza, ndugu. Mdomo umejaa mandazi.

Kakamega Kwetu: Pole dada, lakini wewe bado hujaona. Sisi stima ilipotea Ijumaa usiku, jenereta haina dizeli, mwenye ufunguo yuko matangani Malava. Jumatatu tukafungua friza ya nyuzi hasi 80, maji hadi mlangoni. Sampuli za miaka mitatu.

Mtu wa Kondele: Matanga hayangoji sampuli.

Mfugaji Nakuru: Si utumie ya panya? Panya si wako tele?

Mwenye uzi: Intaferoni gama ya panya haifanyi kazi kwenye seli za binadamu! Kila kiumbe na yake. Na ningekuwa nayo, angeipuliza pia.

Mfugaji Nakuru: Haya, usinipigie kelele. Mimi chanjo ya Newcastle ya kuku 300 ilikaa karibu na injini ya matatu kutoka mjini hadi Njoro. Nafungua, chupa ni moto kama uji. Kondakta ananiambia niiweke kivulini, itapoa.

Mama Omena: Afadhali wewe ulifikishiwa. Gunia langu la omena kutoka Dunga walilitoza nauli ya mtu mzima, kisha wakalipitisha hadi Kericho.

Mtu wa Kondele: Ni ile gari ya buluu?

Mama Omena: Hiyo hiyo. Na dereva ndiye aliyenuna.

Kakamega Kwetu: Hao walinipotezea godoro. Godoro la sita kwa sita, wadau, si sindano!

Mwenye uzi: Jamani, nasema ALIKIPULIZA.

Mama Omena: Kakamega, hilo godoro lilipotelea stegi gani?