Honda ya matairi matatu (Big Red 1984) inauzwa Usa River: nikague nini kabla ya kulipa?

kihamba_juu

Wakuu, habari za jioni.

Kuna Honda ya matairi matatu inauzwa Usa River. Siyo bajaji wala guta, ni ile ya porini yenye matairi mapana yaliyovimba. Muuzaji anasema ni Big Red ya cc 200, mwaka 1984, ilikuwa ya shamba la kahawa, imekaa stoo miaka mingi na sasa "inawaka kwa mvuto mmoja". Anataka milioni tatu na nusu.

Kazi ninayoitaka ni kubeba majani ya ng'ombe na madumu ya maziwa huku Kibosho, kwenye vinjia vya ndani ya vihamba (mashamba ya migomba na kahawa ya mlimani), na mara moja moja kushuka nayo Lower Moshi kwenye mpunga.

Pikipiki za kawaida nazielewa, hii sijui inafia wapi. Nianze kukagua wapi, na kipi kikiwa kibovu nigeuze tu nirudi? Nawasilisha.

---

spana_UngaLtd

Mkuu, injini ndiyo watu wote wanakimbilia, na ndiyo sehemu isiyo na tabu. Silinda moja, inapozwa kwa hewa, cc 192, pistoni ya mm 65. Fundi yeyote wa pikipiki mwenye akili ataifungua. Zinapofia ni nyuma: ekseli, habu (kitovu cha gurudumu kinachoingia kwenye meno ya ekseli), beringi na gia ya mwisho. Huko spea hazipo Unga Limited hapa Arusha wala Dar, ni kuagiza nje au kuchongesha. Bei ijadiliwe kwa hali ya nyuma.

Kwanza hakikisha ni yenyewe. Big Red ya 1984 (ATC200ES) inaendeshwa kwa shafti, ina gia ya kurudi nyuma, ina stata ya umeme na kamba ya kuvuta kama ya jenereta. Ukikuta cheni, hiyo ni ya miaka ya kabla ya hapo au ni ndugu yake, au imeunganishwa kutoka mashine mbili.

Ukifika, shika ekzosi. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaipasha, mwambie utasubiri ipoe. Wakati unasubiri, fanya kazi ya nyuma.

Weka jeki chini ya fremu au bamba la chini ya injini, usiweke kwenye kasha la gia ya mwisho, ni aluminiamu. Inua matairi yote mawili ya nyuma. Hapa kumbuka: hakuna difu, ile gia inayoruhusu matairi mawili yazunguke kwa kasi tofauti. Ekseli ni moja nzima toka kushoto hadi kulia. Kwa hiyo mtu mmoja ashike tairi la kulia kwa nguvu, wewe zungusha la kushoto. Lisisogee hata kidogo. Likisogea wakati la kulia limetulia, meno ya habu au ya ekseli yameliwa. Mara nyingi chanzo ni nati ya mwisho iliyolegea, watu wakaendelea kuendesha.

Kisha shika tairi juu na chini, sukuma na vuta. Ukisikia mchezo, beringi za ekseli zimekwisha, na pengine nyumba yake nayo. Halafu zungusha tairi huku umeweka kijiti karibu na ncha ya ekseli, pale kwenye nati. Rimu ikicheza lakini ncha imetulia, ni rimu tu. Ncha yenyewe ikipanda na kushuka, ekseli imepinda. Zaidi ya mm 3 mimi nisingeichukua kwa bei hiyo.

Ingiza gia injini ikiwa imezimwa, tikisa tairi mbele na nyuma. Uhuru kidogo ni kawaida. Ukisikia "ko!" nzito, meno ya shafti au ya gia yamelika.

Usiondoke bila kufungua boliti ya kutolea oili ya gia ya mwisho, na uje na kikopo chako. Oili nyeusi, sawa. Uji wa kijivu kwenye sumaku, sawa. Vipande vinavyoshikika kwa vidole, acha mashine hapo. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia kupitia sili za ekseli. Uliza imekaa nayo muda gani, maana kutu ndani ya beringi haionekani kwa nje.

Breki ya nyuma ni dramu moja kwenye ekseli. Ikanyage uone mshale wa kuonyesha ulaji wa shuu umefika wapi. Maji na tope hukaa humo, kwa hiyo nyingi zimegoma au zinasaga.

Sasa injini. Ifungue kifuniko cha oili kabla ya kuwasha. Haina rejeta, kwa hiyo oili yenye rangi ya chai ya maziwa haimaanishi gasketi ya hedi. Ni maji ya nje: ilizama kwenye mfereji au wanaiosha kwa presha. Au ni unyevu wa kukaa tu.

Vuta kamba taratibu kabla ya kuitumia stata. Inatakiwa igome kisha ipite, igome kisha ipite. Ikiwasha, angalia moshi. Wa bluu wa sekunde chache kisha unakata: sili za valvu, si ugonjwa mkubwa. Wa bluu kila ukikanyaga mafuta: ringi au silinda. Mweusi: mchanganyiko una petroli nyingi, na kwa mwinuko wa Arusha, mita 1,400 hivi, kabureta iliyosetiwa usawa wa bahari lazima izidishe kidogo. Kwa hiyo plagi yenye masizi makavu isikutishe. Yenye mafuta mabichi ya oili ndiyo ya kuuliza.

Ukiweza pata geji ya kompresheni yenye uzi wa mm 12. Injini iwe ya moto, mafuta wazi kabisa hadi mwisho, vuta kamba mara tano au sita. Ikisoma chini ya psi 100, weka kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu la plagi, pima tena. Ikipanda sana ni ringi na silinda. Isipopanda ni valvu. Ukisikia mlio wa sarafu ndani ya kopo upande wa cheni ya taimingi ambao haupotei injini ikipata moto, weka kwenye hesabu tenshona na cheni.

Umeme: betri isome volti 12.4 au zaidi ikiwa imezimwa, na ukiipa mafuta ipande kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, koili ya kuchaji au rektifaya. Wasikwambie "betri tu hiyo".

---

Tengeru_offroad

Naunga mkono, ila mkuu spana amepita matairi kama hayapo, wakati hapo ndipo hela inapoishia.

Big Red huvaa 25×12-9 yote matatu. Soma ubavuni. Rimu ni ya inchi 9, na kwadi nyingi zinazokuja siku hizi zina rimu za 10, 11 au 12, kwa hiyo usidanganywe kwamba "tairi za kwadi zipo". Za bajaji ni 4.00-8, hata usizitaje. Kunja ubavu wa tairi kwa kidole gumba: nyufa za juu juu zinavumilika kwa mashine ya shamba, nyufa zinazoonyesha nyuzi hapana. Angalia pia kama wameweka tyubu ndani kuficha uvujaji kwenye ukingo wa rimu iliyoshika kutu.

Presha yake ni ndogo mno, psi 2 hadi 3 tu, kulingana na lebo ya mashine. Geji ya kawaida ya gereji haiwezi kusoma hapo. Mafundi wakijaza 15 au 20 tairi linakuwa gumu, mashine inarukaruka maana nyuma haina shokapu. Hayo matairi ndiyo shokapu.

Na kwa kuwa ekseli haina difu, matairi ya nyuma lazima yalingane mzingo. Jaza sawa, zungusha futi ya fundi cherehani katikati ya kila tairi, andika namba. Yakipishana, mashine itavuta upande wa tairi dogo, na watu watakwambia fremu imepinda.

Mbele: inua gurudumu, geuza usukani polepole. Ukishika katikati kama kuna kishimo, beringi za shingo zimeliwa. Futa vumbi kwenye fimbo za shokapu, bonyeza mara kadhaa, uone kama oili inachungulia kwenye sili. Simama mbele uangalie kama gurudumu limenyooka na usukani. Halafu pitisha kidole kwenye viungo vya fremu, hasa chini ya keria na pale nyumba ya ekseli inapofungwa. Rangi mpya sehemu moja tu ni ya kukwangua.

---

kadi_kwanza

Mimi naongeza upande wa karatasi, maana mashine za mashambani huwa na hadithi ndefu.

Namba ya chesisi imegongwa kwenye fremu. Za 1984 zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zina herufi na tarakimu 17, zinaanza JH3. Ya kumi ndiyo mwaka: E ni 1984, F ni 1985, G ni 1986. Hapo utajua kama muuzaji anasema kweli. Namba ya injini nayo iangalie. Zikisagwa au kugongwa upya, ondoka bila kubishana.

Kama ina kadi, jina liwe la muuzaji, au kuwe na mlolongo wa mauziano unaofika kwake. Kama haina, uliza hati za forodha, na upeleke namba ya chesisi TRA (mamlaka ya mapato) kabla ya kutoa hela, siyo baada. "Ni ya shambani haihitaji kadi" ni maneno ya muuzaji. Siku utakapotaka kuiuza wewe, utayatafuta hayo maneno usiyaone.

---

kihamba_juu

Nashukuruni sana wakuu. Nimerudi kutoka Usa River, majibu haya:

Ni shafti, gia ya kurudi nyuma inaingia. Namba ya 17, ya kumi ni E. Kadi ipo, jina la muuzaji.

Nimeshika tairi la kulia, la kushoto linacheza karibu nusu inchi. Ncha ya ekseli imetulia. Oili ya gia ya mwisho imetoka nyeupe, sumaku ina uji tu. Mzingo wa nyuma: kulia sm 193, kushoto sm 189, zote nimejaza sawa. Kompresheni 120, baada ya kijiko cha oili 150. Moshi wa bluu kidogo inapopanda.

Gia ya kwanza nikishika breki na kuipa mafuta, injini inapiga kelele lakini haitaki kusukuma.

---

spana_UngaLtd

Mkuu umekagua vizuri. Twende moja moja.

Klachi: hii ni nusu otomatiki, huna mkono wa klachi. Kabla ya kuhesabu sahani mpya, tazama skrubu ya kuseti kwenye kifuniko cha klachi. Legeza nati, zungusha skrubu kinyume cha saa mpaka uhisi inagoma, irudishe robo mzunguko, kaza nati. Pia uliza wameweka oili gani. Oili za gari za kupunguza matumizi ya petroli zinateleza kwenye sahani. Weka 10W-40 ya pikipiki, jaribu tena. Isipobadilika, hesabu klachi.

Kushoto: mwambie muuzaji mtoe pini na nati ya mwisho, mvute habu hapohapo. Meno ya habu yakiwa yameliwa na ya ekseli mazima, unaagiza habu. Ya ekseli yakiwa yamekwenda, bei ishuke sana au uache. Na fundi asikushauri kuichomelea habu kwenye ekseli. Itashika, ndiyo, lakini siku ya kubadili beringi au shuu za breki hakuna kitakachotoka bila grainda.

Gia ya mwisho: mwaga, jaza SAE 90 ya bei ndogo mpaka ichungulie kwenye tundu mashine ikiwa imesimama sawa, endesha dakika kumi, mwaga. Rudia hadi itoke safi, kisha badili sili. Ukisikia mngurumo baada ya hapo, beringi.

Kompresheni iliyopanda 120 hadi 150 ni ringi. Silinda ipimwe kabla ya kununua chochote. Ikiwa imekuwa yai, inabowolewa na kuwekwa pistoni ya oversaizi.

---

Tengeru_offroad

Hizo sm 4 si ndogo. Kwa mzingo wa 193, mita 100 ni kama mizunguko 52, kwa hiyo tairi la kulia linataka kwenda mbele mita 2 zaidi kila mita 100. Ekseli hairuhusu, basi inateleza na kuvuta kushoto. Presha haitarekebisha tofauti hiyo. Lipunguze kwenye bei kama tairi moja jipya, na hapo ndipo unamwambia muuzaji kwa namba siyo kwa maneno.

Halafu kuhusu Kibosho, mkuu, samahani nisikupake mafuta. Kwa Lower Moshi tambarare, mashine inafaa. Kwa vihamba vyenye mteremko na mifereji, sipendi. Ukikata mteremko kwa ubavu ukiwa na mzigo wa majani uliopanda juu, inapinduka. Ukipanda na madumu kwenye keria ya nyuma, mbele inakuwa nyepesi na inaweza kukubinukia. Maziwa ya nusu dumu yanacheza, ndiyo mabaya kuliko dumu lililojaa. Kona zake ni tofauti na pikipiki: mwili uinamishe ndani, uzito uweke kwenye kikanyagio cha nje, ili tairi la ndani liteleze. Miguu isishuke chini hata kidogo, tairi la nyuma linapanda juu ya kisigino. Kiti kirefu kile ni cha dereva kusogea, siyo cha abiria. Watengenezaji walikubali kuacha kuziuza Marekani mwaka 1988 kwa sababu ya ajali za namna hiyohiyo.

---

kihamba_juu

Nimeelewa. Basi ni ya Lower Moshi tu, Kibosho wataendelea na toroli. Nitampa namba zote na kuomba afungue habu. Kama tukielewana, naileta kwa kirikuu (pikapu ndogo) au niiendeshe?

---

kadi_kwanza

Usiiendeshe barabara ya Arusha–Moshi, breki na matairi hayo ni ya vumbi. Pima upana wa matairi ya nyuma na urefu wote, ulinganishe na bodi ya kirikuu kabla ya kukodi. Ikibana, chukua Canter. Toa petroli kwenye tenki, funga koki, ingiza gia, funga breki. Mikanda miwili mbele kwenye shingo ya usukani ukibana shokapu nusu tu, mmoja nyuma kwenye fremu. Usifunge kwenye keria.